Nguo za umeme kwa mwendesha pikipiki wa majira ya baridi: zinamfaa nani?

Kwa wanaokwenda kazini kwa pikipiki katika nchi zenye majira ya baridi, ubishi juu ya nguo za kupasha joto kwa umeme hauishi. Wapo wanaoapa kwamba bila koti lenye nyaya ndani wangeegesha pikipiki miezi minne kila mwaka. Wapo wanaoziona ni anasa inayonyonya betri, na kwamba mtu aliyevaa vizuri hahitaji waya mwilini. Mimi niko karibu zaidi na hao wa kwanza, lakini nadhani pande zote mbili zinakwepa swali gumu. Kwamba nguo hizi zinaleta joto halina ubishi. Linalotakiwa kuulizwa ni kama pikipiki uliyonayo, kwa safari unayoifanya kila siku, inaweza kuzibeba.

Kwanza tuelewe baridi yenyewe. Kwa kanuni ya kukadiria baridi ya upepo iliyoanza kutumika Marekani na Kanada mwaka 2001, hewa ya nyuzi joto 5 ikikupiga kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi huihisi kama karibu nyuzi 3 chini ya sifuri. Hewa ikiwa nyuzi sifuri na mwendo ukafika 100, ni kama nyuzi 11 chini ya sifuri. Juu ya hayo, mwendesha pikipiki amekaa tuli. Misuli yake haifanyi kazi ya kutosha kuzalisha joto, na sweta, hata ziwe tatu, hazina joto la kwao. Zinachelewesha tu kupotea kwa lile ulilotoka nalo nyumbani.

Kifua kikianza kupoa, mwili hubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili kulinda viungo vya ndani. Kwa hiyo vidole ndivyo vinavyotolewa kafara kwanza, na vidole hivyo hivyo ndivyo vinavyoshika breki ya mbele na klachi. Ngozi ya mkono ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi wa vidole huanza kupungua. Unavuta breki lakini hujui sawasawa umevuta kwa nguvu kiasi gani, na kwenye lami baridi yenye unyevu, tofauti kati ya breki inayotosha na gurudumu linalogoma kuzunguka na kuteleza ni ndogo sana. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa nguo za umeme, na kuziita anasa ni kuisahau mikono. Ndiyo maana pia naona kizibao cha umeme kina haki ya kutangulia glavu za umeme: kifua kikibaki na joto, damu haifungiwi njia ya kufika vidoleni.

Wapinzani hujibu kwamba joto linalevya. Ukiwa umestarehe ndani ya koti, wanasema, unasahau kwamba tairi limekakamaa kwa baridi na kwamba kivulini chini ya daraja huenda kuna barafu nyembamba isiyoonekana. Koti linakupasha wewe, halipashi barabara. Hilo ni kweli kabisa, na kuna siku ambazo pikipiki inapaswa kubaki nyumbani hata uwe na koti la namna gani. Ila hoja hii inachukulia kwamba anayetetemeka ni mwangalifu zaidi, jambo ambalo silikubali. Anayetetemeka ana haraka. Anabana mabega, hageuzi shingo vizuri kutazama nyuma kabla ya kubadili njia, na mawazo yake yote yako kwenye kufika. Mwili uliopoa haukupi taarifa ya kuaminika kuhusu hali ya lami.

Upande wa umeme ndipo wapinzani wana nguvu kuliko wanavyojua. Koti la umeme la volti 12 huvuta kwa kawaida wati 65 hadi 90, na glavu huongeza 25 hivi. Kwenye pikipiki kubwa ya safari ndefu hilo ni jambo dogo. Sasa chukua pikipiki ndogo ambayo alterneta yake, yaani kifaa kinachozungushwa na injini ili kuzalisha umeme, inatoa, tuseme, wati 220 injini ikiwa kwenye mzunguko wa juu. Taa ya mbele ya balbu ya kawaida inakula 55. Pampu ya mafuta, mfumo wa kuwasha, kompyuta ya injini na taa za nyuma vinaweza kumaliza nyingine 100. Zinabaki kama 65, na hapo betri yenyewe haijachajiwa.

Halafu ongeza aina ya safari. Anayekwenda kazini huwasha injini ikiwa baridi, jambo linaloichosha betri, kisha anasimama kwenye taa nyekundu moja baada ya nyingine. Injini ikiwa taratibu, alterneta hutoa sehemu tu ya uwezo wake. Ukifunga kipimo cha volti kwenye usukani utaona mambo waziwazi: barabarani kinasoma 14 na kitu, unaposimama, joto la koti likiwa limewashwa hadi mwisho, kinateremka hadi 13, kisha 12 na nusu, maana yake betri ndiyo inayolipa. Dakika kumi na tano baadaye umefika, na deni la kuwasha halijarudishwa. Jioni unalipa tena. Safari fupi za mjini ndizo zinazoiumiza betri kuliko zote, na kwa bahati ndizo zenye upepo mdogo. Kwa mtu wa aina hiyo ningeshauri kwanza mifuko ya kufunika mikono inayofungwa kwenye usukani. Haipendezi machoni, lakini inazuia upepo kugonga mgongo wa mkono, mahali ambapo mipini ya usukani inayopashwa joto kwa umeme haifiki, na haitumii hata wati moja.

Nguo zinazobeba betri zake zenyewe zinaiondolea pikipiki mzigo huo. Lakini betri za lithiamu hupungukiwa na nguvu kwenye baridi, yaani wakati ule ule unapozihitaji, na kuzichaji zikiwa chini ya nyuzi sifuri huziharibu. Kwa safari ya nusu saa zinatosha. Zaidi ya saa mbili zikiwa zimewashwa kwenye kiwango cha juu cha joto, sizitegemei.

Historia ina funzo hapa. Katika Vita Kuu ya Pili, marubani wa Marekani walipewa suti za umeme kwa ajili ya kuruka juu sana, na toleo la awali, F-1, lilikuwa na nyaya zilizounganishwa kwa mfululizo mmoja. Waya ukikatika mahali pamoja, suti nzima ilikufa. Makoti ya leo yameundwa vizuri zaidi, lakini plagi huchomoka, fyuzi huungua na nyaya za kiwiko huchoka kwa kukunjwa. Anayevaa koti la umeme juu ya fulana moja tu, akiamini joto litakuwapo, amejiweka pabaya siku litakapozimika akiwa njiani. Ganda la nje lisilopitisha upepo na tabaka moja la sufu vinabaki kuwa lazima, na bila ganda hilo hata koti lenyewe linapasha hewa inayokimbia.

Kuna pia watu ambao ningewataka wazungumze na daktari kwanza: wenye kisukari kilichoharibu hisia za miguu au mikono, na yeyote ambaye ngozi yake haisikii vizuri. Joto la nyuzi 44 tu, likigusa ngozi kwa saa nyingi, linaweza kuunguza, na asiyehisi hatalipunguza.

Mwenye nusu saa au zaidi ya barabara ya kasi na alterneta yenye ziada, anunue, na aanze na kizibao au koti chenye kidhibiti cha kupunguza joto. Afunge waya moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi, na rilei inayokata umeme ufunguo ukizimwa. Wengi huiruka hiyo rilei, na asubuhi wanakuta betri imekufa kwa sababu kidhibiti kililala kimewaka.