Mapato na Matumizi Yamebandikwa Kituo cha Basi

Jumanne nilikuwa nasubiri basi, na huku Wales ninakoishi ukilikosa moja umeshapoteza nusu ya siku. Manyunyu, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa, kama kwetu Tanzania, Nyanda za Juu Kusini, mwezi wa sita. Pale kituoni pana ubao wa matangazo wenye mlango wa kioo. Nikausoma. Karatasi mbili, moja ya Kiwelisi na nyingine ya Kiingereza: baraza la jumuiya, sisi tungesema serikali ya kijiji, linawatangazia wakazi kuwa hesabu za mwaka ziko tayari na mpiga kura yeyote anaweza kwenda kuzikagua pamoja na risiti zake. Pembeni wamebandika matumizi: kufyeka nyasi makaburini, rangi ya benchi, pauni 46 za bawaba na kufuli. Kufuli lenyewe ndilo lililofunga ule ubao. Nililigusa. Jipya, bado lina mafuta.

Basi likaja nikapanda, lakini moyo ulibaki palepale.

Ninakaa Powys, kaunti iliyo katikati ya Wales. Msidhani ni Ulaya ile ya kwenye picha. Ni milima, kondoo wengi kuliko watu, na mito miwili mikubwa, Severn na Wye, inayoanzia mlima mmoja, Pumlumon. Powys ni karibu robo ya Wales nzima, kilomita za mraba 5,180 hivi, lakini sensa ya 2021 ilihesabu watu 133,000 tu. Mji mkubwa kuliko yote, Newtown, una watu 11,000 hivi. Waliunganisha kaunti tatu za zamani mwaka 1974, na makao makuu yakawekwa Llandrindod Wells, katikati. Hata hivyo, kutoka Machynlleth kule juu mpaka Ystradgynlais kusini ni zaidi ya saa mbili kwa gari. Hospitali kubwa ya rufaa hakuna ndani ya kaunti. Ukizidiwa unapelekwa Hereford, Shrewsbury au Aberystwyth. Kwa hiyo anayeniambia "wenzetu wana kila kitu" aje apande basi na mimi.

Najua kuna mtu ameshaanza: "Huyu kakaa majuu miaka sita, sasa sisi washamba." Ndugu yangu, mimi ni mtoto wa kijijini. Nimekaa chini ya mti ule ule uliokaa wewe, nimesikia kengele ya mkutano nikaacha jembe. Na ninachokidai, hesabu zisomwe hadharani, hakikutoka Wales, ni chetu. Sheria yetu ya serikali za mitaa ya 1982 imeufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa wenye mamlaka ya juu kijijini. Kila miezi mitatu tukutane, tusomewe mapato na matumizi. Bibi yangu ambaye hakujua kusoma alikuwa akinyoosha mkono kuuliza hela ya ushuru wa mbao imekwenda wapi, na mwenyekiti alimjibu kwa adabu. Kwa hiyo nikisema naona fahari ya kwetu, siigizi.

Mwingine atasema wazungu wana hela. Hela gani? Karani wa baraza hili anafanya kazi saa chache kwa wiki. Wajumbe wengi ni wakulima na wastaafu. Fedha yao ni kipande kidogo cha kodi ya halmashauri ninayolipia nyumba, na bili inakionyesha peke yake: hiki cha kaunti, hiki cha polisi, hiki cha jumuiya yenu. Karatasi moja na pini nne za kubandikia, hivyo ndivyo vinavyotushinda?

Hata kupita bila kupingwa kupo huku, tena kwingi kwenye mabaraza haya madogo. Ila wanapita kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza, na kiti kikibaki wazi wanabandika tangazo kutafuta mtu. Sijasikia fomu ya mgombea ikienguliwa kwa kukosea herufi moja. Mnanielewa. Na mimi huyu, Mtanzania, kwa kuwa tumo Jumuiya ya Madola, Mei 2022 niliruhusiwa kupiga kura ya diwani nikiwa mgeni. Nilitoka kituo cha kupigia kura nikatembea polepole, sikutaka ile siku iishe.

Jioni ile nilimpigia baba mdogo. Boma la zahanati yetu limefika lenta tangu nikiwa bado nyumbani. Michango tumetoa mara tatu, waliopo kijijini na sisi wa nje. Nikamuuliza: "Shikamoo baba, mara ya mwisho mmesomewa lini?" Akakaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, mtendaji alisema kitabu kiko wilayani." Kitabu! Nilikasirika mpaka mkono ukatetemeka, kisha nikaona aibu, maana yeye ndiye anayeishi na hao viongozi na kesho atakutana nao kwenye msiba.

Mwezi huu nimetuma tena. Safari hii nimempelekea yeye, ya bati na ya ubao wa mninga wenye kioo, ukae pale dukani penye watu. Anayeona najidai asinijibu mimi. Aende akabandike karatasi ya kwanza, iandikwe ile mifuko 40 ya saruji ya zahanati ilipokwenda.