Mjomba Aliponea Chupuchupu Kuswaliwa

Vitabu vya mwaka wa kwanza vya afya na huduma za jamii vimetungwa na watu ambao nyumba zao hazigusani. Unaliona hilo ukifika sura ya usiri. Habari za mgonjwa hazitoki nje, asiyehusika haambiwi hata jina, na akiuliza jirani mwenye nia njema jibu ni moja tu: samahani, siwezi kusema. Sura hiyo mimi nimeisomea Mkomani, mji wa kale wa Lamu, katika chumba cha wikio kilichopita juu ya njia, upande huu kwetu, upande wa pili kwa shangazi. Nikipiga chafya na kumshukuru Mungu, anayepita chini ananiitikia "Yarhamukillah" bila hata kuinua kichwa.

Kozi ni ya masafa, vitabu vya Uingereza. Ndiyo maana naweza kukutajia majitu matano ya ripoti ya William Beveridge ya 1942 juu ya ustawi wa jamii, yaani ufukara, maradhi, ujinga, uchafu na ukosefu wa kazi, na vile Waingereza walivyopambana nayo hadi Julai 1948 wakaanzisha NHS, huduma yao ya taifa ya afya, mgonjwa akawa anatibiwa bila kuulizwa pesa mlangoni. Jitu la sita Beveridge hakulitaja, kwa kuwa London hawakai barazani.

Msimamizi wetu wa hapa, muuguzi mstaafu asiyetaka mchezo, alituambia kitabu kile kinadhani gari la wagonjwa linafika mlangoni kwa kila mtu. Huku kwetu vichochoroni ni miguu na punda. Basi tumtoe mgonjwa kwenye nyumba ya Mkomani tumfikishe gatini, zilipo boti za kuvuka kwenda Mokowe, upande wa bara, halafu tuandike ripoti ya tuliyokutana nayo njiani.

Kiongozi nikawa mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na daftari. Wabebaji vijana wanne: wawili wa Langoni, mmoja wa Matondoni, na mmoja wa bara ambaye hakuwa na mwezi tangu ahamie. Machela hatukuwa nayo. Kitabu kinasema ukikosa machela chukua miti miwili na blanketi. Blanketi Lamu nani analo? Tukachukua mazio mawili ya mikoko na tanga kuukuu la jahazi. Jeupe.

Mgonjwa alikuwa Mjomba, nahodha mstaafu, mtu wa mwili wake. Nilimwomba ridhaa kama inavyotakiwa: mtu akubali kwa hiari, na aelewe anachokikubali. Mjomba alielewa upesi. Atalala, atabebwa, na jioni atapata sahani ya biriani.

"Naumwa nini?"

"Kiharusi, Mjomba. Uso umelegea upande mmoja, mkono haunyanyuki, na usemi umepotea. Usiseme neno."

"Hata nikiangushwa?"

"Hata ukiangushwa."

"Basi nifunikeni uso. Sitaki wenzangu wanione nabebwa."

Mimi na kitabu changu tukafurahi, maana sura ya heshima ya mgonjwa inasema matakwa yake ndiyo yanayotangulia. Tukamfunika gubigubi.

Tulitoka karibu na saa saba. Njia ilikuwa nyeupe, wanaume wote wamo misikitini. Kwamba waliomo msikitini hutoka, hilo halikumpitia mtu kichwani.

Mzee wa kwanza alikuwa ameshakaa barazani na tasbihi yake. Alipotuona akasimama, akasoma "Innaa lillahi wa innaa ilayhi raaji'un," kisha akanigeukia kwa upole.

"Ni nani, mwanangu?"

"Samahani, babu. Siwezi kusema."

"Hata jina?"

"Hata jina. Ni siri."

Mzee akamtazama mwenzake. "Maiti wa siri," akasema, na wote wawili wakavaa viatu.

Hapo ndipo mambo yaliponiponyoka. Kufika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, nyuma yetu kulikuwa na msafara. Nilisikia kwa masikio yangu kwamba ni Mzungu wa Shela aliyesilimu juzi. Mwingine akaapa ni mtu mkubwa serikalini, ndiyo sababu haitangazwi. Maiti mwenye jina angefuatwa na ukoo wake na majirani. Huyu wangu, kwa kuwa hakuna aliyemjua, alifuatwa na kila mtu.

Na anayefuata jeneza hafuati bure, anataka thawabu ya kubeba. Wakaja mabega mapya, wakaipandisha machela juu, vijana wangu wakasukumwa pembeni mmoja mmoja. Kitabu kinasema mgonjwa abebwe chini, usawa wa nyonga, nisije nikaulizwa. Yule wa bara alinijia anahema, uso umemng'aa. "Kwa kweli Lamu ni watu wakarimu. Mgonjwa wa wenyewe, na wanasaidia hivi!"

"Si jeneza!" nikapaza sauti. "Ni machela! Ni mazoezi ya darasani!"

Mzee mmoja akanisogelea, akaniegemezea mkono begani, akaniambia taratibu, "Rudi nyumbani, mwanangu. Wanawake hawafuati jeneza. Lia, utapata nafuu." Halafu akamwambia mwenzake, nami nasikia, kwamba msiba umenipanda kichwani. Alinisikiliza vizuri sana, lazima niseme. Anaitikia kwa kichwa, ananitazama machoni, hanikatizi. Ni ile mbinu ya sura ya mawasiliano, na alikuwa nayo bila kulipa karo.

Chini ya wikio, pale njia inapobana, sauti ikatoka mbele: "Mbona miguu imetangulia? Maiti hutangulizwa kichwa!" Sisi tulitanguliza miguu kwa kuwa ndivyo hubebwa mgonjwa kwenye njia tambarare, lakini nani wa kuniuliza. Wakaamua kumgeuza. Kumgeuza nahodha wa kimo kile kwenye kichochoro ambacho punda wawili hupishana kwa kubishana! Kichwa kikagonga dari ya wikio, ko! Mjomba kimya. Nahodha akipewa amri haachi. Na kutoka upande wa pwani akaja punda mwenye mifuko miwili ya mchanga, akasimama katikati, akatutazama.

Katika zogo hilo tanga likavuka upande wa miguu. Ukatokea mguu mmoja wa kuume, unyayo mpana, kidole gumba hakina ukucha. Mtoto akadakia, "Kidole kimetikisika!" Akanyamazishwa kwa kofi. Lakini mchuuzi wa samaki aliyekuwa amebeba nyuma aliinama, akautazama ule mguu kwa karibu, kama mtu anayekagua nguru.

"Huu si mguu wa nahodha? Ukucha huu ulikwenda na nanga, nilikuwapo!"

Usiri wangu wote, sura nzima, ukatolewa na kidole gumba.

Kilio kikaanza. Sijapata kusikia Mjomba akisifiwa namna ile. Mtu aliyemwita bahili wiki iliyopita, mbele ya watu, sasa anasema mkono wake ulikuwa wazi. Mwingine akasema bahari imebaki yatima. Najua Mjomba alikuwa akisikiliza, maana tanga lilipanda na kushuka pale kifuani kwa raha. Angelala vile mpaka kaburini, naamini, lau fundi wa mashine za boti asingefungua mdomo.

"Alikuwa akinidai elfu tatu," fundi akasema, anafuta machozi. "Nahodha alikuwa na moyo. Naona amenisamehe."

Tanga likaketi kitako.

"ELFU NANE!"

Sikuona nani alikimbilia wapi, ila viatu vilibaki vingi. Mazio yaliachiwa yote kwa pamoja, na Mjomba akamwangukia punda kifudifudi, tumbo katikati ya mifuko miwili ya mchanga, tanga bado limemfunika kichwa. Punda akageuka. Kwa machela na wabebaji wanne hatukuweza kugeuka pale; yeye aligeuka mara moja, akatoka mbio alikotoka, yaani pwani, na nyuma yake fundi anakimbia akipiga kelele kwamba atalipa, atalipa leo hii.

Punda alisimama mbele ya gati, penye kivuli. Nilipofika Mjomba alikuwa ameteremka, amekaa kwenye ngazi, anahesabu noti.

Nyumbani habari zilikuwa zimefika kabla yetu. Mama alikwisha kupiga ukelele, na majirani wameshaingia uani, vikapu vya mchele vinamwagwa kwenye sinia, kuku wanakatwa. Mjomba alipoingia kwa miguu yake zilipigwa kelele za pili, kali kuliko za kwanza, kisha ikabidi chakula kiliwe. Ilikuwa biriani. Alikula sahani mbili, akadai ya pili ni ya uchungu wa kichwa.

Ripoti niliiandika usiku ule ule. Usiri: mwanafunzi hakutaja jina la mgonjwa hata mara moja. Mgonjwa alifika gatini. Msimamizi aliisoma amekunja uso, akanipa alama nzuri pale kwenye usiri, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu kwamba mgonjwa wa kiharusi aliyerudiwa na usemi njiani anatakiwa aelezwe kitaalamu, aya moja haitoshi.

Mjomba sasa ananiuliza kila Ijumaa kama mwaka wa pili tutakuwa na mazoezi ya kubeba wagonjwa hadi Matondoni. Kule ana elfu kumi na tano.