Kibao cha "Marufuku Kuogelea" hakimwokoi mtoto

Nilikuwa na miaka tisa siku nilipolijua shimo la bwawa letu. Wala sikuwa naogelea. Nilikuwa natembea tu, maji yamenifika kiunoni, tope laini linapenya katikati ya vidole vya miguu. Hatua iliyofuata haikukanyaga kitu. Juu maji yalikuwa na uvuguvugu wa jua la mchana, chini miguu ikaingia kwenye ubaridi kama wa maji ya mtungi. Sikupiga kelele. Watu hudhani anayezama hupiga kelele, lakini mdomo ukishajaa maji, sauti itatoka wapi? Mchungaji mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe alilala kifudifudi ukingoni, akaninyooshea fimbo yake, nikaishika.

Mpaka leo namshukuru kwa mambo mawili: kwamba aliniona, na kwamba hakuruka majini.

Baadaye sana ndipo nikaelewa lile shimo lilitoka wapi. Mabwawa mengi madogo ya vijijini, haya ambayo wazee wetu huku Singida huyaita malambo, tuta lake ni la udongo. Mara nyingi udongo huo huchimbwa palepale, ndani ya eneo litakalokuja kufunikwa na maji, ili usisombwe kutoka mbali. Mvua zikija, bwawa hujaa na mashimo hubaki chini yake. Maji yenyewe yana rangi ya chai ya maziwa, huoni hata goti lako. Kwa hiyo mtoto hutembea hatua ishirini kwenye maji ya kiunoni, akaamini bwawa lote liko hivyo, na hatua ya ishirini na moja ikamfika juu ya kichwa. Ni hatari iliyoachwa na ujenzi wenyewe, na waliochimba walijua walipochimba.

Miaka michache iliyopita kijiji kiliweka kibao cha bati kando ya bwawa: MARUFUKU KUOGELEA. Nilikuwa nyumbani likizo, nikawaona wavulana wakitundika mashati yao juu ya kibao hichohicho na kuingia majini. Sikuwashangaa. Kuna joto, hakuna uwanja wa maana, mto umekauka tangu Juni, na bwawa ndilo maji pekee watakayoyaona mwaka mzima. Sikukuu zikifika hali huwa kubwa zaidi: Krismasi, Idd, Pasaka, vijana wanatoka hadi vijiji vya jirani na spika zao, wachumba wanapiga picha juu ya tuta, watoto wamejazana ukingoni. Bwawa limeshakuwa mahali pa starehe, iwe tumeruhusu au hatukuruhusu.

Ninachosema ni hiki: tuache kukataza, tuanze kupanga. Kibao kile kinalinda ofisi. Mtoto akizama, uongozi utasema tulikataza, na mzazi atabaki na msiba pamoja na lawama juu yake. Najua viongozi wetu si watu wabaya. Wanaogopa kwamba wakitenga mahali pa kuogelea na mtu akafa hapo, wataulizwa. Lakini sasa hivi hakuna anayeulizwa, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano. Bara la Afrika ndilo lenye kiwango kibaya kuliko kanda nyingine zote. Hawa wengi hawafi kwenye meli zinazotangazwa redioni. Wanafia kwenye visima, madimbwi, mito na mabwawa kama letu, mmojammoja, kimyakimya.

Kupanga hakuhitaji fedha za wafadhili. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, maji yameshuka na mashimo yako wazi, kila mtu anayaona. Huo ndio wakati wa kuchimbia nguzo ndefu kuzunguka kila shimo, zipakwe rangi nyekundu juu, ili bwawa likijaa zibaki zimechomoza. Upande ambao ukingo unashuka polepole na hauna majani, mbali na tuta, utengwe uwe wa kuogelea, na mpaka wake uwe kamba yenye chupa tupu za plastiki zinazoelea. Ng'ombe wapelekwe kwenye mabirika nje ya bwawa, maana kwato ndizo zinazobomoa kingo na kuacha ngazi za tope zinazoteleza.

Halafu madumu. Kila nyumba ina dumu la lita 20. Dumu tupu, kifuniko kikiwa kimekazwa, linambeba mtu mzima vizuri kabisa, kwa sababu mwili ukiwa majini unahitaji msaada mdogo tu ili kichwa kibaki juu. Funga kamba ya mita kumi na tano kwenye mkono wa dumu, litundike kwenye nguzo kando ya maji, na liwe la kazi hiyo tu, asilichukue mtu kwenda kuchotea maji ya kufyatulia tofali. Wafundishwe watoto na wachungaji: tupa dumu, nyoosha fimbo, rusha kitenge, ita watu, lakini usiruke. Anayezama hushika chochote kilicho karibu, na kama ni shingo yako mtaenda wote. Familia nyingi zimezika ndugu wawili siku moja kwa sababu ya upendo huo wa kuruka.

Akishatolewa, tuache kumning'iniza miguu juu na kumkamua tumbo. Hilo nimeliona mara mbili utotoni, na kila mara dakika za thamani zilipotea hapo. Aliyezama amekosa hewa. Kama hapumui, alazwe chali, kichwa kirudishwe nyuma na kidevu kiinuliwe, apulizwe pumzi mdomo kwa mdomo huku pua imebanwa, kisha kifua kikandamizwe kwa nguvu na kwa haraka, bila kuacha, mpaka apumue au msaada ufike. Mhudumu wa afya wa zahanati anaweza kufundisha haya kwenye mkutano wa kijiji kwa nusu saa.

Na kuogelea kwenyewe kufundishwe, wasichana wakiwemo. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha watoto kuelea na kuogelea, na mabinti wanaingia majini na mavazi yao ya stara. Kama pwani imewezekana, huku bara tunashindwa nini?

Kuna kichocho, na sitaki kukificha, maana anayesema watu waogelee bwawani lazima akitaje. Vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wa maji baridi wanaopenda kingo zenye majani, kisha hupenya ngozi ya aliyeingia majini. Huzagaa zaidi jua likiwa kali, saa za mchana. Ndiyo maana nasema mahali pa kuogelea pawe peupe, pasiwe na matete, kuwe na choo karibu ili mkojo na kinyesi visifike majini, na watoto wapewe dawa ya prazikwanteli kampeni zinapopita shuleni. Hata tukipanga vizuri, hatari haitaisha. Itapungua. Leo watoto wanaingia palepale penye matete na hakuna anayewaambia lolote.

Kuna mahali ambapo nakubali katazo, tena kali: tuta na utoro wa maji, ile njia ya pembeni inayotoa maji yanayozidi. Hapo si pa kuchezea, si pa kulima, si pa kupitisha mifugo. Nimewahi kukuta utoro wa bwawa letu umezibwa kwa mawe ili kambale wasitoke na mvua. Aliyefanya vile alikuwa anatafuta kitoweo, simlaumu kwa njaa yake, lakini utoro ukizibwa maji hupanda juu ya tuta, na maji yakishapita juu ya tuta la udongo hulila mpaka likatike. Miti nayo isiachwe iote juu yake, kwa kuwa mizizi ikioza huacha njia za maji. Mashimo ya mchwa na panya yazibwe mapema.

Wakenya wanalijua hili kwa machozi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua nyingi, bwawa la shamba la Patel kule Solai, Nakuru, lilipasuka na maji yakashuka mteremko yakawakuta watu majumbani mwao. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Lilikuwa bwawa la shamba, si lile la kufua umeme ambalo mawaziri huenda kulizindua.

Tanzania tuna Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 na tuna bodi za maji za mabonde tisa, letu likiwa Bonde la Kati. Mhandisi wa bonde hawezi kuwa kwenye kila lambo kila wiki. Anayeweza ni mtu anayelitumia: anayevua perege Jumamosi, anayeleta watoto Jumapili, wale wanaopiga picha za uchumba. Ndio watakaoona kwanza unyevu mpya chini ya tuta upande wa nje, au ufa ambao juzi haukuwepo, au maji yanayochuruzika yakiwa na tope. Tukiwafukuza watu bwawani, tunayafukuza macho hayo.

Novemba nitakuwa kijijini. Nimeshanunua kamba na rangi nyekundu, na madumu manne mama ameyaweka stoo. Nguzo tunahitaji kumi na mbili, ndefu kuliko mtu. Mtendaji ameniambia nilete hoja kwenye mkutano wa kijiji, na nitakwenda kuwaonyesha lile shimo langu kwanza, likiwa kavu.