Siku ya 36: Kipimo cha Kuanza Kufuga Kuku wa Nyama

Mtu akishapaua banda na kununua vyombo vya maji, safari inayofuata ni kuweka oda ya vifaranga. Naona hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Banda haliwezi kukuambia kama uko tayari. Jiulize kuhusu siku ya 36: kuku wameshakomaa, mnunuzi amekwambia "nitakuja wiki ijayo", na kuku wote bado wanakula.

Chukua bechi ya kuku 200. Broila, yaani kuku wa nyama, mmoja hula takriban kilo 3.2 za chakula mpaka siku ya 35, kwa hiyo bechi nzima inataka kilo 640, yaani mifuko 13 ya kilo 50. Mifuko hiyo hailiwi sawasawa. Wiki ya kwanza hawamalizi hata mmoja. Wiki ya tano peke yake inameza zaidi ya minne. Mfugaji anayepiga hesabu kwa kuangalia wiki mbili za mwanzo hujiona ana fedha nyingi, halafu wiki ya nne anaanza kukopa. Akibana chakula au akikichanganya na pumba, uzito unasimama wakati uleule ambao kuku alipaswa kuongezeka kwa kasi. Na mnunuzi akichelewa? Kuku wa umri huo anakula kama gramu 170 kwa siku, hivyo 200 wanamaliza kilo 34. Siku saba za kusubiri ni karibu mifuko mitano ambayo haikuwa kwenye bajeti.

Ndiyo maana nasema: usilete vifaranga 200 kabla hujatenga fedha ya mifuko 18. Ukiwa na ya mifuko 13 tu, leta 140. Wala usinunue yote kwa mkupuo. Hewa ya Pwani ina unyevu, na mfuko uliolala sakafuni hushika ukungu. Nunua kidogo kidogo, uweke juu ya chaga.

Kuhusu wateja, "kuku wanatafutwa sana mjini" si jibu. Nenda kwa wenye mabanda ya chipsi, mama lishe na wachinjaji wa mtaani kwako kabla ya kuagiza chochote. Waulize wanachukua kuku wangapi kwa siku, wa uzito gani, hai au waliochinjwa, na wanalipa taslimu au wanataka mali kauli. Banda la chipsi linalochukua kuku watano kwa siku litahitaji siku 40 kumaliza bechi yako, na kuku hawatakusubiri bila kula. Ukibaki na dalali wa Shekilango, soko la kuku la Dar es Salaam, peke yake, bei anapanga yeye, kwa sababu anajua kila asubuhi unafungua mfuko mwingine. Basi piga hesabu yako kwa bei ya dalali. Jumlisha vifaranga, chakula, chanjo, mkaa, maranda, umeme na ujira wa kijana wa banda, kisha gawa kwa 190, maana vifo vya asilimia 5 ni vya kawaida hata kwa mfugaji makini. Kama bei ya dalali haizidi hapo, bado hujapata biashara, hata nembo iwe imeshachapwa.

Jambo jingine ni nani atalala karibu na vifaranga. Wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 34, na huwezi kulipima kwa simu ukiwa kazini. Wakijikusanya chungu moja wana baridi, na wa chini hufa kwa kukandamizwa. Wakikimbia jiko huku wamepanua midomo, joto limezidi. Anayefunga banda kabisa ili kuhifadhi joto la mkaa anawaua kwa hewa chafu. Chanjo nayo ina siku zake: ratiba iliyozoeleka ni chanjo ya ugonjwa wa kideri siku ya 7, ya ugonjwa wa gumboro siku ya 14, na ya kideri tena siku ya 21. Huwekwa kwenye maji ya kunywa, na hapa kosa ni lilelile kila mara: maji ya bomba yenye dawa ya klorini huiua chanjo. Tumia maji yasiyo na dawa, wanyime maji kwa saa moja au mbili kwanza, na chanjo iishe ndani ya saa mbili.

Usiache ajira kwa kudhani utauza kila mwezi. Wiki tano za kukuza, siku kadhaa za kuuza, na wiki mbili za kusafisha na kupumzisha banda ni karibu wiki nane. Kwa banda moja hizo ni bechi sita hivi kwa mwaka.

Halafu kuna Krismasi. Ukitaka kuuza kati ya tarehe 20 na 23 Desemba, vifaranga waingie bandani tarehe 15 hadi 18 Novemba. Tatizo ni kwamba kila mfugaji anahesabu hivyohivyo, vifaranga wanaadimika, na Januari wenye kuku waliobaki wanauza kwa hasara. Bechi ya kwanza ningeipangia mwezi usio na sikukuu yoyote, kwa sababu bei ya mwezi huo ndiyo itakayokulisha sehemu kubwa ya mwaka.