Gari Halikuning'ata Mkono

Kuna voisi inazunguka tangu jana jioni. Mwenye sauti namjua, naye anajua namjua, na ile elfu ishirini yangu anaijua pia. Anasema gari limening'ata mkono nikavua nguo barabarani. Uongo. Limeng'ata kanzu. Tena kanzu yenyewe si yangu, ni ya shemeji.

Mnaonifuata mnalijua gari langu: Eunos Roadster ya 1992, ile ambayo nje ya Japani inaitwa Mazda MX-5. Viti viwili, injini ya cc 1600, na zile taa zinazolala ndani ya bodi, ukibonyeza swichi zinainuka kama macho ya chura. Sasa ya kulia ina wiki tatu imegoma. Kushuka inashuka, kupanda haitaki. Kila nikiwasha, gari linakonyeza. Mama ntilie wa pale kona ameshaniuliza nina nia gani naye.

Jana kulikuwa na ndoa baada ya Alasiri, na gari langu limo kwenye msafara. Msafara ni taa, jamani. Nimsindikize bwana harusi huku nakonyeza wakwe? Nikasema dakika tano tu. Nimeshaoga, nimeshavaa, nanukia udi. Nikafungua boneti.

Mota ya taa ina kichwa cha kuzungusha kwa mkono, kimevalishwa kofia ya mpira. Nikazungusha, nikazungusha, taa ikapanda ikawa sawa na mwenzake. Hapo ningefunga boneti nikaondoka. Lakini si nimeshakuwa fundi? Nikaona niipake na grisi. Kawaida kabla ya kuingiza mkono mle unachomoa waya wa betri, spana namba kumi tu. Tatizo betri la gari hili linakaa nyuma, kwenye buti, na buti nimelijaza katoni za maji ya shughuli. Nani azishushe, na kanzu nyeupe?

Mpwa wangu wa miaka sita yuko ndani, eti anasikiliza redio.

Nikasikia: tik.

Mkono umo mle ndani hadi kiwiko, kidole kina grisi. Mota ikaguna, zzzz. Taa ikaanza kushuka polepole, kwa adabu, kama mzee anayetafuta mkeka. Nikachomoa mkono. Mkono ukatoka. Mkono wa kanzu ukabaki. Nikaukodolea macho ukijiviringisha kwenye kile chuma kinachoinua taa, kipande kwa kipande, na mimi nafuata, kwapa likafika, bega likafika, mpaka nikalaza shavu juu ya kifuniko cha taa kama nasikiliza kama ipo hai.

"Anko, nimezima!"

"Washa!"

Akawasha. Ya kushoto ikainuka. Ya kulia, si mnaijua?

Wakaja vijana wa bodaboda. Mmoja, mjuaji, akasema tuchomoe betri kwanza. Akachungulia kwenye boneti, akazunguka upande wa pili, akachungulia tena. "Braza, wamekuibia betri!"

"Liko nyuma," nikasema, nusu ya mdomo imebanwa.

"Nyuma ya nini?"

"Kwenye buti!"

Wakatazamana. Mmoja akanishika kipaji cha uso kuangalia kama nina homa. Hapo ndipo adhana ikalia, na mtaa mzima ukaanza kupita kwenda msikitini. Salamu nimezijibu zote, nimeinama vilevile. Mtu unafanyaje?

Ndiyo nikatoka ndani ya kanzu, kwa chini, kinyumenyume. Nilichokuwa nimevaa ndani ni bukta yenye vijinanasi. Joto la Dar mnalijua, msinihukumu. Na hapo ndipo ndugu yetu wa voisi alipotoa simu. Picha mmeiona: mimi na nanasi zangu, kanzu inaning'inia, na nyuma yangu gari linakonyeza.

Mengine mafupi. Kinyozi alileta mkasi. Ndoa nilihudhuria na suruali ya kazini, msafara nikapanda Noah ya wapishi. Shemeji, kama unasoma, kanzu iko kwa fundi cherehani, anasema mkono mmoja utakuwa mfupi kidogo.

Leo asubuhi nimebonyeza swichi nikijiandaa kwa lolote. Taa ya kulia imepanda yenyewe, laini kabisa. Ile grisi imefanya kazi.

Ya kushoto imegoma kushuka.