Mpangilio wa slaidi kujibadilisha wenyewe: kinachosaidia na kinachoharibu

Slaidi hutoka ofisini imenyooka, ikafika ukumbini imepinda. Kichwa cha habari kimegawanyika mistari miwili, orodha imevuka ukingo wa chini, picha imekimbilia pembeni. Lawama huangukia flashi, kirusi au projekta. Mara nyingi chanzo ni PowerPoint yenyewe. Programu hii ina tabia ya kupanga slaidi kwa niaba ya mwandishi, na kanuni zake za kupanga zimebadilika kutoka toleo hadi toleo.

Wapo wanaosema kila kinachojiendesha chenyewe kizimwe. Wapo wanaosema bila msaada huo slaidi nyingi zingekuwa fujo tupu. Pande zote mbili zina hoja, ila huchanganya mambo mawili yaliyo tofauti kabisa: mpangilio ulioandaliwa mapema na mtu anayejua anachotaka, na makisio ambayo programu huyafanya papo kwa papo. Wa kwanza unastahili kutetewa. Makisio ndiyo ya kuchungwa.

Tuanze na PowerPoint 2002 na 2003, kwa sababu kelele za kwanza kubwa zilianzia huko. Ukiwa na slaidi ya kichwa na maandishi, kisha ukaingiza picha au chati, programu ilibadilisha mpangilio wenyewe: maandishi yalisukumwa upande mmoja hadi nusu ya upana, na picha ikapewa nusu iliyobaki. Kando ya picha kilitokea kitufe kidogo chenye chaguo la kutengua badiliko hilo au kuzima tabia hiyo moja kwa moja. Aliyekuwa na orodha fupi alishukuru, maana kazi ya kusogeza visanduku ilikwisha kwa sekunde moja. Aliyekuwa na sentensi ndefu alipata safu nyembamba ya maneno yaliyokatikakatika. Na aliyetaka picha ndogo tu, nembo ya taasisi kwenye kona, alikuta nembo imeshika nusu ya slaidi. Programu haikuwa na njia ya kujua kama picha ile ni pambo au ndiyo hoja yenyewe, na hapo ndipo udhaifu wa kila mpangilio wa kubahatisha ulipo.

Toleo la 2007 lilibadili msingi wote. Faili likawa la pptx, na mipangilio ikaacha kuwa orodha isiyobadilika ndani ya programu. Ikawa sehemu ya faili lenyewe, chini ya Slide Master, ambayo hapa tutaiita slaidi mama. Faili jipya tupu huja na mipangilio 11, nawe unaweza kuongeza yako. Kila mpangilio una vishika nafasi, yaani vile visanduku vinavyosema Click to add title au Click to add text. Slaidi haibebi nafasi na ukubwa wa visanduku hivyo. Hurithi kutoka kwenye mpangilio, na mpangilio nao hurithi kutoka kwa slaidi mama. Ukisogeza kichwa sentimita moja kwenye slaidi mama, slaidi zote hufuata, isipokuwa zile ambazo mpangilio wake umekipa kichwa nafasi yake, na zile ambazo mtu alivuta kichwa kwa mkono.

Huu ndio upande wenye faida kubwa, na wengi hawauoni. Maandishi yaliyo ndani ya kishika nafasi huonekana kwenye Outline View, mwonekano unaoorodhesha maandishi ya slaidi bila michoro. Programu za kusomea wasioona hukijua kichwa cha slaidi kuwa ni kichwa, na ukibadilisha mandhari ya taasisi (Theme, yaani seti ya rangi na fonti), maandishi hayo hubadilika pamoja nayo. Kisanduku cha maandishi ulichokichora mwenyewe hakionekani kwenye Outline View na hakifuati mpangilio wowote. Mtu anayefuta vishika nafasi vyote na kuchora visanduku vyake ili “programu isimsumbue” huokoa dakika tano leo. Siku atakapoambiwa ahamishie slaidi zake kwenye kiolezo kipya, atahamisha kisanduku kimojakimoja.

Hata hivyo toleo la 2007 nalo lina makisio yake. Ukibandika picha kwenye slaidi yenye kishika nafasi kitupu cha maudhui, picha huingia humo yenyewe na kupunguzwa ili itoshe. Kikiwa kishika nafasi cha picha pekee, picha hukatwa kingo ili kijae. Asiyetaka hilo achague mpangilio wa Title Only kabla ya kubandika, au aandike herufi moja ndani ya kishika nafasi ili kisiwe kitupu, kisha aifute baadaye. Tatizo jingine ni la kubadilisha mpangilio: ukitoka Two Content kwenda Title and Content, kisanduku cha pili chenye maudhui hakifutwi. Hubaki pale pale kikiwa yatima, hakina mpangilio wa kurithi kutoka kwake, na kazi ya kukipanga inarudi kwako.

Sasa AutoFit, ile tabia ya maandishi kupungua yenyewe yanapojaa. Hapa ndipo slaidi huharibika zaidi zinapohama kompyuta. Chukua nakala ya faili la pptx, badilisha jina lake liishie na zip, lifungue, kisha ingia kwenye folda ya ppt na ndani yake slides. Kwenye slaidi iliyojaa utakuta mstari unaosomeka normAutofit fontScale="92500" lnSpcReduction="10000". Maana yake: onyesha herufi kwa asilimia 92.5 ya ukubwa wake, na punguza nafasi kati ya mistari kwa asilimia 10. Herufi za pointi 28 zinaonekana kama pointi 26 hivi. Ukiongeza mistari, namba hushuka zaidi.

PowerPoint haipimi upya inapofungua faili. Huisoma namba iliyohifadhiwa na kuitumia ilivyo, na hupima tena pale tu mtu anapogusa maandishi. Ndiyo maana slaidi inaweza kufunguka kwenye kompyuta isiyo na fonti husika ikiwa imemwagika nje ya ukingo, halafu ukiongeza nukta moja tu, orodha nzima inaruka na kuwa ndogo. Wengi hudhani wamevunja kitu. LibreOffice Impress, programu huria ya slaidi inayofungua pia mafaili ya pptx, nayo ina hesabu yake ya kupunguza herufi, kwa hiyo slaidi hiyohiyo yaweza kuwa na herufi za ukubwa mwingine humo.

Wanaoitetea AutoFit husema bora maandishi madogo kuliko maandishi yaliyokatwa. Kwa mwalimu anayeandaa somo usiku wa manane, hoja hiyo ina uzito. Lakini slaidi tatu zinazofuatana zenye herufi za pointi 28, 22 na 17 humchosha msomaji, tena huficha ukweli kwamba slaidi ya tatu ilipaswa kugawanywa mara mbili. Kwa kazi inayokwenda mbele ya watu wengi, izime. Nenda File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, kisha AutoFormat As You Type, uondoe tiki kwenye AutoFit ya kichwa na ya maandishi. Chaguo hilo ni la kompyuta yako tu. Ukitaka lisafiri na faili, fungua slaidi mama, chagua kisanduku cha maandishi, ingia Format Shape, na kwenye sehemu ya Text Box weka Do not Autofit.

Ukubwa wa ukurasa nao una historia yake. Hadi toleo la 2010, slaidi mpya ilikuwa ya uwiano wa 4:3, sentimita 25.4 kwa 19.05. Kuanzia 2013 ikawa ya 16:9, sentimita 33.87 kwa 19.05. Lililo gumu zaidi kugundua ni kwamba 16:9 ziko mbili. Ile iliyopatikana kwa kuichagua katika 2010, na ile ya Google Slides hadi leo, ina upana wa sentimita 25.4 na kimo cha 14.29. Kwenye skrini zinafanana kabisa. Ukinakili mchoro kutoka ndogo kwenda kubwa, mchoro unaonekana umesinyaa hadi robo tatu, nawe huoni sababu. Jibu liko kwenye Design, Slide Size, Custom: linganisha vipimo vya mafaili yote mawili kabla ya kubandika chochote. Na ukumbi ukiwa na projekta ya zamani ya 1024 kwa 768, slaidi ya 16:9 itatumia mistari 576 tu kati ya 768; robo ya picha inakuwa weusi. Ni afadhali kuuliza aina ya projekta mapema kuliko kubadilisha ukubwa dakika za mwisho, maana kutoka 16:9 kwenda 4:3 PowerPoint itakutaka uchague kati ya Maximize, ambayo huacha vitu vikatoka nje ya ukingo, na Ensure Fit, ambayo huvipunguza vyote.

Fonti ndiyo mkosaji wa kimyakimya. Calibri ilikuwa fonti ya kawaida tangu 2007; kuanzia 2023 Microsoft ilianza kuiweka Aptos mahali pake. Herufi za Aptos ni pana zaidi, hivyo kichwa kilichotosha mstari mmoja kwa Calibri huenda kikahitaji miwili. Na katika ofisi na vyuo vingi vya Afrika Mashariki, utakuta mmoja ana Microsoft 365, jirani yake ana Office 2016, na kompyuta ya ukumbini ina 2010. Faili la Aptos likifika kwenye hizo mbili, fonti nyingine hushika nafasi yake. Anayejua faili litazunguka hivyo aanze na mandhari ya Office ya 2013–2022 badala ya ile mpya, au apachike fonti kupitia File, Options, Save, Embed fonts in the file. Kwa watumiaji wa LibreOffice, Calibri ina mbadala wenye vipimo vilevile, Carlito, kwa hiyo mistari hukatika palepale.

Kuhamisha slaidi kati ya mafaili kuna mtego wake. Unapobandika slaidi, chaguo la Use Destination Theme huivalisha mavazi ya faili jipya: kichwa kilichokuwa katikati kwenye mandhari ya 2007 hukimbilia kushoto kwenye ile ya 2013, na pointi 32 za maandishi huwa 28. Keep Source Formatting hulinda sura, lakini huleta slaidi mama nzima ya faili la zamani. Baada ya kuunganisha taarifa za idara sita, utakuta slaidi mama sita na mipangilio 60 na ushee, na hakuna anayejua ipi ya kurekebisha. Kwa taarifa rasmi, chagua ya kwanza, kisha pitia slaidi mojamoja ukibofya Reset. Kitufe hicho hurudisha vishika nafasi kwenye nafasi, ukubwa na mwonekano wa mpangilio. Hufuta pia rangi na herufi nzito ulizoweka kwa mkono, kwa hiyo hifadhi nakala kwanza.

Designer, iliyokuja mwishoni mwa 2015 kwa waliojiandikisha Office 365, imepeleka makisio mbali zaidi: unaweka picha, inakuletea mapendekezo upande wa kulia. Ina adabu kuliko ile ya 2003, kwa kuwa haibadilishi kitu hadi ubofye. Kwa kijana wa shirika dogo asiye na mchoraji, ni msaada wa kweli. Lakini inahitaji intaneti, na maudhui ya slaidi hutumwa kwenye seva za Microsoft ili kupata mapendekezo, jambo la kufikiriwa kabla ya kuigusa slaidi yenye takwimu za wagonjwa au mishahara. Pia kila pendekezo linaweza kuongeza mpangilio mpya chini ya slaidi mama. Slaidi kumi, mapendekezo kumi, na kiolezo cha taasisi kimegeuka ghala la mipangilio isiyohusiana. Kwenye File, Options, General unaweza kuizuia isijitokeze yenyewe, na bado uiite kutoka kwenye kichupo cha Design unapoihitaji. Kwa faili linaloandikwa na watu zaidi ya mmoja, huo ndio utaratibu unaofaa, pamoja na mtu mmoja mwenye ruhusa ya kugusa slaidi mama na kufuta mipangilio isiyotumika kila kabla ya kutuma.