Mtunza Bustani Ana Jina, Manju Wetu Hana

Saa hii, bila kulipa hata senti, mtu yeyote mwenye bando anaweza kufungua picha ya karatasi ya mwaka 1903 yenye wimbo wa mtunza bustani wa kasisi. Mwimbaji: John England. Kijiji: Hambridge, Somerset. Aliyeandika: Cecil Sharp, mwalimu wa muziki kutoka London. Wimbo wenyewe, "The Seeds of Love", una namba yake ya kudumu kwenye orodha ya Roud, ile ya nyimbo za jadi za Kiingereza: Roud 3. Raha ya kuisoma karatasi ile haikudumu, maana kilichofuata ni video ya ngoma kutoka nyumbani. Watazamaji kibao, sauti ya manju inakata kama wembe, na maelezo chini yake maneno matatu tu: "Wimbo wa asili." Kaimba nani? Asili. Wa wapi? Asili. Huyu Bwana Asili ametunga nyimbo nyingi kuliko binadamu yeyote Afrika Mashariki, na hajawahi kuitwa jukwaani.

Najua mnachotaka kusema. Ameshakunywa maji ya Thames huyu, sasa anatufundisha ngoma zetu. Sawa, semeni. Lakini kwanza tuelewane: Waingereza hawa si malaika, na kazi hii waliianza wakiwa wamechelewa. Chama chao cha nyimbo za jadi kilianzishwa mwaka 1898, wakati waimbaji wengi walikuwa wazee na vijana wanakimbilia nyimbo za kumbi za starehe. Tofauti ni kwamba walianza na jina la mtu. Mwaka huohuo wa 1898 Kate Lee, katibu wa chama hicho, alikwenda Rottingdean, kijiji cha pwani ya Sussex, akaandika nyimbo za James na Thomas Copper, watu wa kazi za mashamba na baa. Chama kikawapa wote wawili uanachama wa heshima.

Kuandika wimbo kwa kalamu ni kazi inayokataa haraka. Sharp na yule kasisi, Charles Marson, waligawana: mmoja anadaka mahadhi, mwingine maneno. Kuna sababu. Mwambie mwimbaji aache kuimba akutajie maneno polepole, atapotea ubeti wa pili, kwa sababu kinachomkumbusha maneno ni sauti. Na mahadhi nayo hayatulii: ubeti wa kwanza anapanda hapa, wa tatu anashuka. Mwandishi mwenye kalamu hulazimika kuchagua moja, na mengine yanakwenda na upepo.

Percy Grainger, mpiga piano na mtunzi wa muziki, alichoshwa na hilo. Mwaka 1906 akaingia Lincolnshire na fonografu, mashine ya kurekodi sauti kwenye silinda za nta, akamrekodi mzee Joseph Taylor na wenzake. Silinda moja ilibeba dakika mbili hivi, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa. Kila ukiisikiliza, sindano inakwangua nta, na ukungu nao unaila. Sharp hakuipenda mashine, alisema inawafanya waimbaji wajishtukie. Alikuwa na hoja, muulize yeyote aliyewahi kumtolea bibi yake simu ghafla. Lakini Taylor alirekodiwa tena mwaka 1908 na kampuni ya santuri, na leo tunamsikia akipamba noti kwa namna ambayo hakuna kalamu ingeidaka.

Wako pia waliokosea vibaya. Alfred Williams alizunguka bonde la juu la Thames akakusanya mamia ya nyimbo, maneno matupu, bila mahadhi. Sisi tumejaa akina Alfred Williams. Vitabu vyetu vya nyimbo vina beti zimepangwa vizuri, na hakuna mtu aliyezaliwa juzi anayejua zinaimbwaje.

"Lakini walichuja nyimbo!" Ndiyo, walichuja. Kasisi Sabine Baring-Gould wa Devon alikuta matusi akayaandika upya kabla ya kuchapa. Ila maneno aliyoyasikia aliyaacha kwenye daftari zake, ndiyo maana leo tunaweza kumkamata. "Na Sharp alivuna jina na vitabu, waimbaji wakabaki na umaskini wao." Kweli tupu, na sitamtetea. Lakini angalau tunajua aliyedhulumiwa anaitwa nani. Wetu hata kumlipa fidia huwezi.

"Nyimbo zao zimekufa, zetu ziko hai." Hapo natembea kifua mbele. Harusi ya Kiingereza inaleta di-jei, harusi ya kwetu mashangazi wanapiga vugo bila kusoma karatasi. Lakini zitakaa hai kwa nani? Manju akizikwa na beti zake, kijana anayebaki na kibwagizo peke yake anasema wimbo ni mfupi.

Na mtu asiniambie hatuna vifaa. Simu inatosha. Tafuta programu inayorekodi WAV, yaani sauti isiyobanwa, kilohezi 48, biti 16, chaneli moja. Saa nzima ni kama megabaiti 350. Kabla ya wimbo, mwimbaji ajitaje kwa sauti yake: jina, la baba, kijiji, tarehe, aliufunzwa na nani, unaimbwa wakati gani. Simu iwekwe juu ya khanga iliyokunjwa, kama mita moja kutoka kwake, mbali na ngoma. Ngoma ikiwa karibu, simu inajipunguza yenyewe kila pigo na sauti ya mtu inazama. Kwa hiyo rekodi mara mbili: mara moja na ngoma, mara moja sauti pekee baada ya watu kupumzika. Maneno yaandike mkiwa mmekaa naye mnasikiliza rekodi. WhatsApp itumie kwa kutuma faili kama hati, maana ukilituma kama ujumbe wa sauti linabanwa. Nakala zikae nyumba mbili tofauti. Na nyimbo za unyago? Wenyewe wakisema hazitoki nje, hazitoki. Andika hivyo juu ya daftari, usizirushe.

Tukisubiri wengine watufanyie, matokeo tunayajua. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi Tanganyika mwaka 1950, na kazi yake imehifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, ambayo mmisionari William Taylor aliyapata kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, karatasi zake zimehifadhiwa hapa London. Inauma kuyaona hapa, na inauma zaidi kukiri kwamba yamesalimika.

Kuna mmoja lazima ataandika kwamba sisi ni watu wa mdomo, hatuna utamaduni wa kuandika. Hatuandiki? Daftari la michango ya harusi lina jina la kila mtu, ahadi yake, alichotoa na anachodaiwa mpaka shilingi ya mwisho, na limesainiwa na mweka hazina. Lina hata mstari wa MC, wa keki na wa mpiga picha. Mstari wa ngoma unasema "kikundi, laki mbili". Hapohapo pembeni pana nafasi ya kuandika jina la anayeongoza, baba yake na kijiji alikotoka.